Msiwakimbize watoto kwenye theluji

KILA likizo ya Agosti na ya Desemba inapokaribia, wazazi kadhaa huja kliniki kwangu hapa Matuu bila ya kuleta mgonjwa. Wanataka kujua kama watoto wao wanaweza kupanda Mlima Kenya, kulala kwenye hema na kuishika theluji kwa mikono yao. Zamani safari kama hiyo ilikuwa ya watalii wa kigeni na ya wanafunzi wachache wa shule za bweni. Siku hizi ni ya mwalimu, ya mwenye duka la mbolea na ya mkulima wa maembe ambaye msimu umemwendea vizuri.

Jambo hilo hunifurahisha. Watu wa Ukambani hawakuanza leo kuujua mlima huu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona kutoka Kitui mnamo Desemba 1849, akiwa mgeni wa Chifu Kivoi, na alipoandika kwamba karibu na ikweta kuna theluji wataalamu wa Ulaya walimcheka. Wenyeji wake walikuwa na jina la mlima tayari. Tena usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, aliyepandisha bendera yetu mpya juu kileleni alikuwa Kisoi Munyao, mwana wa Ukambani. Kwa hivyo mtoto wa Matuu akitaka kwenda huko, asiambiwe kuwa hayo ni mambo ya wenyewe.

Ninalolipinga ni ratiba. Nikiuliza safari ni ya siku ngapi, jibu huwa lile lile: tatu. Familia huondoka Matuu Ijumaa alfajiri, ikapitia Thika, Sagana na Karatina, ikafika Naro Moru kabla ya saa sita mchana. Jioni hiyo hulala Met Station, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Jumamosi hukwea matope na kupita bonde la Teleki hadi kambi ya Mackinder, karibu mita 4,200. Jumapili saa nane za usiku watoto huamshwa, wakapanda gizani ili jua liwachomozee Lenana, mita 4,985. Matuu yetu iko kwenye mita 1,200 hivi. Kwa maneno mengine, katika saa arubaini na nane mtoto amepandishwa karibu mita 3,800, na usiku wa Jumapili anatarajiwa awe kitandani kwake.

Mwili wa binadamu hauwezi kuzoea hali mpya kwa kasi hiyo. Wengi hudhani kwamba juu mlimani oksijeni imepungua kwenye hewa. La, sehemu yake ni ile ile, asilimia 21. Kinachopungua ni shinikizo la hewa yenyewe, kwa hivyo kila pumzi huingiza hewa kidogo zaidi. Ukiwa Lenana, kila pumzi inakupa oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile anayopata mtu wa Mombasa. Mwili una njia za kujirekebisha: unapumua haraka zaidi, figo zinabadilisha kemia ya damu, na baadaye chembe nyekundu zinaongezeka. Lakini kazi hiyo inahitaji siku kadhaa.

Madaktari wanaoshughulikia magonjwa ya milimani wana kanuni ambayo ningependa kila mzazi aikariri. Ukishapita mita 3,000, mahali unapolala leo pasizidi pale ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne ulale pale pale bila ya kupanda. Sasa pima mwenyewe ile ratiba ya siku tatu. Kutoka Met Station hadi Mackinder ni zaidi ya mita 1,100 kwa usiku mmoja tu.

Asiyeifuata kanuni hiyo si lazima adhurike. Wengi huumwa kichwa, wakatapika kidogo, wakakosa usingizi, wakapiga picha na kurudi salama. Ndiyo maana ratiba hiyo haifi. Lakini wachache hupatwa na moja kati ya mambo mawili mabaya. La kwanza ni maji kujaa mapafuni. Mgonjwa hukosa pumzi hata akiwa ameketi, hukohoa, na baadaye hutoa povu lenye wekundu. La pili ni ubongo kuvimba. Mtu huanza kuyumba kama mlevi, akasema yasiyoeleweka, akasinzia na hatimaye asiamke. Yote mawili yanaweza kuua kabla ya siku kwisha, na dawa yake kubwa ni moja: kushuka, papo hapo, hata kama ni usiku, pamoja na mwongozaji. Usingoje helikopta. Helikopta haitui ndani ya ukungu, na ukungu wa Mlima Kenya hushuka mara nyingi alasiri.

Nguvu za mwili hazimkingi mtu. Kijana anayecheza kandanda kila jioni anaweza kuugua huku nyanya yake akiendelea vyema, na mara nyingi kijana ndiye anayeugua kwa sababu ndiye aliyetangulia mbele akikimbia.

Kwa watoto kuna tatizo jingine. Mtu mzima atasema kichwa kinamuuma. Mtoto wa miaka minne hasemi hivyo. Analia, anakataa chakula, hataki kucheza, halali. Mzazi naye atasema ni uchovu, au ni deko, au amekula kitu kibaya njiani. Nawaomba wazazi wafuate njia ya tahadhari: mtoto yeyote anayebadilika tabia akiwa juu ya mita 2,500, mhesabu kuwa ni mgonjwa wa mlima mpaka ithibitike vingine. Asipande tena hatua hata moja. Akizidi, ashushwe. Kwa mtoto mkubwa na mtu mzima kuna kipimo kisichohitaji daktari: mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa kuufuata mstari bila ya kuyumba, mteremsheni.

Mimi sioni sababu ya kumlaza mtoto wa chini ya miaka kumi juu zaidi ya Met Station, au Old Moses yenye mita 3,300 kwa wanaopitia Sirimon. Hiyo ni rai yangu, na wapo wenzangu wanaokubali umri mdogo zaidi ikiwa siku ni nyingi. Mzazi ataniuliza, "Na theluji, daktari?" Hapo kambini huenda asiione. Lakini kukiwa na usiku mkavu usio na mawingu ataamka akute umande umeganda juu ya hema na juu ya nyasi, na kwa mtoto wa Yatta huo ni muujiza wa kutosha. Watu wazima waliokubaliana wanaweza kugawana zamu za kwenda juu.

Kuna wazazi wanaoharakisha kwa sababu wamesikia kwamba barafu ya Mlima Kenya inakwisha. Wamesikia kweli. Barafu ya Lewis imebakia sehemu ndogo sana ya ilivyokuwa miaka ya 1930, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitabiri mwaka 2021 kwamba mlima wetu utabaki bila ya barafu ya kudumu katika muongo wa 2030. Hata hivyo, theluji inayoanguka usiku na kuyeyuka mchana ni kitu kingine. Itaendelea kuanguka. Mtoto wa miaka sita anaweza kuingoja hadi afikishe kumi na mbili.

Nije kwenye baridi, ambayo watu huiogopa lakini hawaielewi. Sisi hatuna miezi ya kipupwe kama ya Ulaya. Juu ya Mlima Kenya kipupwe huja kila usiku na kuondoka kila asubuhi. Joto hupungua kwa nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ikiwa Matuu ni nyuzi 25, Lenana saa hiyo hiyo itakaribia sifuri, na kabla ya mapambazuko itakuwa chini ya hapo. Mtoto hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima kwa sababu ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake, na aliyebebwa mgongoni hupoa zaidi ya yule anayembeba, kwani hatumii misuli.

Hatari huanza mwili unaposhuka chini ya nyuzi 35. Mtoto hutetemeka, vidole vikashindwa kufunga kifungo, maneno yakawa mazito. Kisha hunyamaza na kuacha kutetemeka, mzazi akashukuru kwamba amepata joto. Huo ndio wakati wa kuogopa. Mvue nguo zote zilizolowa, mvishe kavu, mwingize kwenye mfuko wa kulalia pamoja na mtu mzima, na kama yuko macho mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimsugue, na pombe asiguse mtu yeyote. Hiyo huleta damu kwenye ngozi, mtu akahisi joto huku akizidi kupoa.

Suruali za jinzi na fulana za pamba ziacheni nyumbani, kwa maana pamba ikilowa haikauki. Hakuna haja ya kwenda maduka makubwa ya Nairobi. Mitumba ina sweta za sufu na jaketi nzito za Ulaya ambazo huku kwetu kwenye joto wateja wake ni wachache. Nunueni pia soksi, kofia na glavu, jozi mbili mbili. Miwani ya jua isisahaulike, maana miale huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000, na theluji mpya huirudisha machoni.

Sasa nizungumzie jiko, na hapa nitakuwa mkali. Katika baridi ya Juni na Julai tumezoea kusoma habari za jamaa waliolala na jiko la makaa wakakutwa wamekufa. Hema hufungwa kubana kuliko nyumba. Makaa, na hata jiko la gesi likiwaka mahali pasipo na hewa, hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu iliyopungukiwa tayari. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa na kichefuchefu, sawasawa na za mlima, kwa hivyo hakuna atakayeshuku. Pikeni nje. Moto usiingie hemani hata kwa dakika tano za kupasha miguu. Na msibebe muthokoi wala maharagwe makavu: kambini Mackinder maji huchemka kwa nyuzi 86 hivi, na mtamaliza gesi yote kabla ya punje kulainika.

Wapo wanaopaswa kumwona daktari kabla ya kulipia lolote: wenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, wajawazito, wenye shinikizo la damu lisilotulia, na wenye kisukari wanaotumia insulini, ambayo ikiganda huharibika. Mwenye ugonjwa wa selimundu asiende kabisa. Hata aliyerithi chembe yake kwa mzazi mmoja tu, asiyeumwa kamwe hapa nyumbani, anaweza kupatwa na maumivu makali ya wengu huko juu. Ipo dawa inayousaidia mwili kuzoea, asetazolamaidi, lakini hutolewa na daktari, haiwafai baadhi ya watu wenye mzio wa dawa za salfa, na haigeuzi ratiba mbaya ikawa nzuri. Vitunguu saumu ambavyo watu huambiana watafune sijaona vikimzuia mtu kuugua. Dawa za usingizi msizibebe.

Najua ni kwa nini siku ni tatu. Ada ya hifadhi hulipwa kwa siku, na mwongozaji, wapagazi na mpishi vile vile. Kwa familia ya watu watano siku moja ya ziada ni karo ya mtu. Ndiyo sababu nasema afadhali fedha hizo hizo zitumiwe kwa siku nne zinazoishia kambi ya chini kuliko siku tatu zinazoishia kileleni. Kampuni zinazouza safari hizi nazo ziache kuandika "inafaa familia" juu ya ratiba ambayo daktari asingempangia askari. Na kabla ya kuondoka nyumbani baba na mama waafikiane ni nani atakayegeuka na mtoto akiugua. Kuliamua jambo hilo saa tisa za usiku, kwenye upepo, baada ya kulipa, ni vigumu mno.

Jambo moja la mwisho halimo kwenye vitabu vya magonjwa ya milimani. Dereva aliyeamka saa nane za usiku, akapanda Lenana, akashuka hadi langoni, huwa ndiye anayeshika usukani jioni kuipeleka familia Matuu. Njiani kuna Karatina, Sagana, Thika, kisha malori ya barabara ya Garissa gizani. Lipieni chumba Naro Moru, mlale, mwondoke Jumatatu baada ya chai.