Wachezaji si mabahili, ni sisi tuliowafunza

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi ni nyingi, lakini hili limenikera hadi nikaamua kuandika.

Jumamosi nilikuwa nyumbani Othaya. Binamu yangu wa kidato cha tatu akanionyesha gemu yake ya soka kwenye simu: sarafu zaidi ya milioni nne, na kikosi cha kuchekesha kabisa! Nikamuuliza mbona hanunui hata mshambuliaji mmoja. Akanijibu, "Kaka, nikinunua leo na wiki ijayo walete mkali zaidi, nitafanyaje?"

Wenzangu wa fani hii wana jibu lao tayari: mchezaji ni bahili, akili yake inaogopa hasara. Watakutajia Kahneman na Tversky na makala yao ya 1979. Sawa, kupoteza kunauma kuliko kupata kunavyofurahisha, sipingi. Lakini hiyo ni nusu tu ya habari, tena ile nusu inayotusafisha sisi tulioandika programu.

Hebu tazama gemu yoyote ilivyojengwa. Ukifungwa unaanza upya, ukifa unafufuka. Jambo lisilorudi nyuma ni moja tu: KUNUNUA. Bei ya wiki ijayo huijui, bidhaa ya wiki ijayo huijui, na kitufe cha "Nunua" hakina mwenzake wa "Rudisha". Anayekalia sarafu zake katika hali hiyo amepiga hesabu vizuri kuliko aliyetengeneza duka.

Na huku kwetu hesabu hiyo haifundishwi darasani. Mkulima wa chai hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka kituoni, kisha hungoja bonasi ambayo kiasi chake hakijui mpaka kitangazwe. Mtu wa namna hiyo akiweka kitu kando, nani atamwita bahili? Binamu yangu amesomeshwa na bonasi hiyo.

Halafu kuna mabaki. Almasi za Free Fire zimezoeleka kuuzwa kwa vifurushi, 100, 310, 520 na kuendelea. Unalipa kwa M-Pesa, unanunua ulichotaka, zinabaki chache zisizonunua chochote cha maana. Ukitaka zitumike, ongeza pesa. Kwenye ripoti zetu mabaki hayo yanahesabiwa kama "salio la mchezaji", na meneja anasimama mbele ya watu kueleza jinsi wachezaji wanavyopenda kurundika!

Najua kwa sababu nimewahi kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Kampuni moja (sitaitaja) ilinipa sharti hili: bei ya kitu chochote dukani isilingane na kifurushi chochote. Mistari ishirini hivi ya programu. Niliimaliza jioni moja na nikalala usingizi mzuri, jambo ambalo leo linanisumbua kuliko mistari yenyewe.

(Kichekesho kidogo kwa waandishi wa programu: katika Old School RuneScape rundo moja la sarafu haliwezi kuzidi 2,147,483,647, yaani mwisho wa nambari ya biti 32 yenye alama. Watu walilijaza! Ikabidi watengenezewe tokeni za platinamu, kila moja ikiwa na thamani ya sarafu 1,000.)

Dawa ya kampuni nyingi ni kufagia. Sarafu za Ultimate Team za FIFA 22 hazikuvuka kwenda FIFA 23, aliyeweka akiba akaanza na sifuri sawa na aliyetapanya. Ukishamfanyia mtu hivyo, usimwite mgonjwa wa akili anapokutilia shaka.

Mtaniambia kurudisha bidhaa kutaua biashara. Valve walianza kurudisha pesa za gemu kwenye Steam mwaka 2015: siku 14 tangu kununua, mradi hujacheza zaidi ya saa mbili. Kwa vitu vinavyonunuliwa ndani ya gemu zao wenyewe wanatoa saa 48, ikiwa kitu hakijatumika. Steam haijafa.

Kwa hiyo nyinyi mnaojenga maduka ya gemu hapa Kenya, wekeni kitufe cha "Rudisha". Saa 48 tu. Wikendi hii nimekijaribu kwenye gemu yangu ndogo: ni jedwali moja la ziada kwenye hifadhidata, na sikumaliza hata chai.