Eti "Th" ni Sauti ya Wazungu

Jamani, nimechoka kusikia eti Mswahili hana sauti ya "th", ndiyo maana Kiingereza kinamshinda. Mbona tuna "thamini" na "dhamini"? Yote mawili huanza na kikwamizi cha meno; tofauti ni kwamba cha kwanza ni sighuna, cha pili ni ghuna. Kiingereza nacho kina fonimu hizohizo mbili, katika "think" na "this", ila kinaziandika kwa herufi zilezile. Sisi tumezitenganisha. Sasa nani amcheke nani?

Kinachoniudhi ni huyu anayetoa ulimi nje kwa ajili ya "think", kisha akirudi kwenye Kiswahili anatamka "samani ya nyumba" akikusudia thamani. Bwana we, unauza nyumba au makochi?