Tusimzibe Shahidi Mdomo

Umeenea nchini mtindo wa kuziba fyuzi kwa waya. Fyuzi ikikatika, mtu huchukua uzi wa shaba, huufunga mahali pake, na kuihesabu kazi kuwa imekwisha. Maoni yetu ni kwamba mtindo huo huua mambo mawili kwa pamoja: chombo chenyewe, na udadisi wa mwanafunzi.

Tumfikirie kijana wa sekondari mjini Shinyanga aliyejiundia kikuza sauti. Ndani yake mna transfoma kubwa na makapasita ya kuhifadhi chaji. Kapasita tupu, mara tu swichi ifungwapo, huunyonya mkondo kama mtungi mkavu unyonyavyo maji. Umeme wa volti 230 hufikia kilele cha volti 325 hivi. Kwa hiyo mkondo wa ghafula waweza kuwa mara nyingi ya ule wa kawaida. Ndipo kijana akaweka sakiti ya kuanza polepole: rizista ya omu 47 hutangulia njiani, na baada ya sekunde moja hivi rilei huipa umeme njia ya mkato. Tukigawa 325 kwa 47, twaona kuwa mkondo wa kuanzia hauwezi kuzidi ampea 7 hivi.

Walakini fyuzi yaendelea kukatika, tena siku zile tu ambazo umeme hupotea na kurudi. Mwenye kubahatisha atabadili rizista, kisha rilei, kisha atatafuta waya. Mdadisi atauliza: kuna tofauti gani baina ya kuwasha asubuhi na umeme kurudi baada ya sekunde chache? Jibu limo katika kapasita ndogo inayopima muda wa rilei. Umeme upoteapo, makapasita makubwa humalizwa na muziki unaoendelea kulia, lakini ile ndogo hubaki na chaji yake. Umeme urudipo, rilei hufunga papo hapo, na rizista haipati nafasi ya kufanya kazi. Dawa ni kuipa kapasita hiyo njia ya kumwaga chaji upesi.

Jambo hili si mchezo wa wapenda redio peke yao. Huko Geita, mota za makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu zikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo wa mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida. Vijana watakaozitunza wamo madarasani mwetu leo.

Kwa hiyo twawashauri walimu wavifanye vyombo vibovu kuwa sehemu ya somo la fizikia. Mwanafunzi aandike dalili, kisha dhana yake, kisha kipimo kimoja kiwezacho kuikanusha dhana hiyo. Afanye hivyo mbele ya mwalimu, plagi ikiwa imechomolewa na chaji ya makapasita imekwisha kumwagwa, kwani kapasita huweza kumdhuru mtu hata baada ya umeme kuzimwa.

Mwanafunzi aliyepata kosa kwa kufikiri amejifunza sayansi; aliyebadili vipuri hadi chombo kikawaka amebahatika tu. Fyuzi iliyokatika ni shahidi. Tumsikilize kwanza, wala tusimzibe mdomo kwa waya.