Leza ya kushona kidonda: cha maana ni kipimajoto

Wadau, rafiki yangu wa Kibera alikatwa na bati kwenye mjengo huko Kawangware, akashonwa nyuzi sita. Kurudi kutolewa nyuzi ni kupoteza kibarua cha siku. Akazitoa mwenyewe kwa wembe, kidonda kikafumuka, kikatunga usaha.

Ndipo nikakumbuka kazi ya Profesa Abraham Katzir wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv. Kuunganisha ngozi kwa leza kulijaribiwa zamani, ila kwa kukisia: joto likipungua kidonda hakishiki, likizidi nyama inaungua na kuacha kovu. Yeye aliweka waya mwembamba wa kupitisha mwanga unaosoma joto la ngozi. Kompyuta inapunguza au kuongeza nguvu ya leza, joto libaki nyuzi 60 na kidogo. Albumini iliyopakwa juu hushika kama gundi. Kufikia 2009 walikuwa wameshaijaribu kwa wagonjwa 10 waliotolewa kifuko cha nyongo.

Sisi waandika programu tunaijua hiyo: pima, linganisha, rekebisha, rudia. Chipu ya shilingi mia chache inaitosha. Ghali ni leza yenyewe, na hapo ndipo wengi husema "si ya kwetu". Mimi nakataa. Asiyeweza kurudi kutolewa nyuzi ndiye anayeihitaji kwanza, mradi kidonda kioshwe vizuri, maana leza haitoi uchafu. Lakini iundwe ikijua stima yetu: ikipotea katikati, betri ishike.

Rafiki yangu bado hawezi kukunja kidole cha shahada.