MASTAA WETU, MARUHUBI SIYO SEHEMU YA KUJIITA MALKIA!

Wadau wangu, leo sitaji jina la mtu, mwenye lake atajijua. Kila likizo ikifika mastaa wetu wa kike wanavuka maji kwenda Zanzibar, gauni refu, taji kichwani, halafu wanaegemea zile nguzo za Kasri la Maruhubi. Picha ikitua Insta, chini kaandika "Malkia kwenye himaya yake". Malkia wa wapi dada?

Hivi mnajua mmesimama wapi? Kasri lile alilijenga Sultani Barghash bin Said miaka ya 1880 kwa ajili ya masuria wake. Na suria hakuwa malkia, alikuwa mtumwa. Alinunuliwa au alitekwa, akaletwa pale, na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Mwaka 1899 moto ukaliteketeza kasri, zikabaki nguzo zilizobeba baraza ya juu, mabafu na madimbwi ya mayungiyungi. Hayo maua mnayoyapigia selfi yalikuwa bustani ya wanawake wasio na uamuzi wa kuondoka.

Sogea mbele kidogo kuna Mtoni, alikozaliwa Binti Salme mwaka 1844. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1886 kaisimulia Mtoni hiyo, tausi na paa wakizurura uani. Lakini huyo huyo kasimulia pia kwamba mama yake, Mcherkesi, alitekwa akiwa mtoto mdogo. Yeye binti wa Sultani kaweka uzuri na machungu kitabu kimoja. Nyie mnabeba tausi tu!

Najua mtakuja na "acha wivu, picha tu hiyo". Sawa, pigeni picha, nani kakataza? Ila una mabinti wa shule kibao wanaokufuata, na wengi wao Maruhubi wataijua kupitia ukurasa wako kabla ya darasani. Ukiwaambia utumwa ni umalkia, umewadanganya watoto wa watu.

Mbona kazi yenyewe ndogo? Lipa kiingilio, msikilize mtembeza wageni dakika kumi, andika mistari miwili ya kweli. Na mshuke kwenye hizo kuta! Beit al-Ajaib ilipoporomoka upande Desemba 2020 wote mliposti vikopa vya kulia. Mawe ya Maruhubi nayo yamechoka.

Haya, timu mastaa njooni kwenye maoni. Matusi kaa nayo, leta hoja.