Bima ya afya: Mkazi wa Isiolo afunzwe sheria kabla ya kudaiwa mchango

KUTOJUA sheria si utetezi mahakamani. Kanuni hiyo hufunzwa kila mwanafunzi wa sheria anapoingia chuoni. Swali ambalo halipewi nafasi ya kutosha ni la upande wa pili: serikali ina wajibu gani kwa raia ambaye sheria imeandikwa kwa lugha asiyoielewa na kwa herufi asizoweza kuzisoma?

Swali hilo lina uzito wa pekee mjini Isiolo, na hata zaidi huko Merti na Garbatulla. Mnamo Desemba 13, 2018, aliyekuwa Rais, Bw Uhuru Kenyatta, alizindua majaribio ya mpango wa afya kwa wote. Isiolo iliteuliwa pamoja na Kisumu, Nyeri na Machakos, na sababu kuu ya kuteuliwa kwake ilikuwa jamii za wafugaji wanaohamahama. Kaunti hiyo ina zaidi ya kilomita 25,000 za mraba, lakini sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 268,002 pekee. Kumfikia mgonjwa huko ni safari.

Majaribio yale yaliondoa ada katika hospitali za umma za kaunti. Leo utaratibu ni mwingine. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliiondoa NHIF, na tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ndiyo yenye usukani. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu makao na mali yake, kisha hukadiriwa mchango usiopungua Sh300 kwa mwezi. Hata hivyo, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hazitegemei mchango huo, mradi mtu awe amesajiliwa.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha makala haya. Mama ambaye hajaelezwa tofauti kati ya kusajiliwa na kuchangia anaweza kukaa nyumbani na mtoto mwenye homa, akidhani kwamba mlango wa zahanati umefungwa kwa asiyelipa. Hapo kinachomnyima mtoto tiba si ukosefu wa sheria bali ni kutofahamika kwake.

Ukubwa wa tatizo ulishapimwa. Utafiti wa kitaifa kuhusu kisomo cha watu wazima, uliochapishwa 2007, uliwapa watu majaribio badala ya kuwauliza tu iwapo wanajua kusoma. Ulibaini kwamba asilimia 61.5 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 na zaidi ndio waliofikia kiwango cha chini kinachohitajika. Watu milioni 7.8 hawakukifikia. Jijini Nairobi kiwango kilikuwa asilimia 87, ilhali Kaskazini Mashariki, eneo linalopakana na Isiolo, kilikuwa takriban asilimia 8.

Je, kumfunza mtu mzima kusoma kunabadilisha afya? Utafiti uliofanywa nchini Nikaragua na kuchapishwa 1995 uliwachunguza wanawake waliokosa shule utotoni. Watoto wa wale waliojifunza kusoma wakiwa watu wazima, kupitia kampeni iliyoanza 1980, walifariki kwa uchache kuliko watoto wa wale waliobaki bila kisomo. Naye Robert LeVine wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, katika kitabu cha 2012, walionyesha kwamba mama aliyepata kisomo huelewa vyema zaidi ujumbe wa afya hata anapousikia redioni. Kisomo, basi, hunoa sikio sawa na jicho.

Sheria zetu zenyewe zinalitambua hilo. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachowezekana. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kisomo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inatambua wasaidizi wa sheria mashinani na kuagiza umma uelimishwe. Isitoshe, Mahakama Kuu ilipoibatilisha sheria ya bima mnamo Julai 2024, kabla ya Mahakama ya Rufaa kuusimamisha uamuzi huo Septemba, dosari moja iliyotaja ilikuwa uhaba wa ushirikishaji wa umma.

Tatizo ni kwamba majukumu haya yametawanyika. Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti. Elimu ya watu wazima imebaki chini ya Wizara ya Elimu. Msaada wa kisheria una idara yake. Kila mmoja ana bajeti yake na semina zake, na mfugaji ni yule yule mmoja.

Kenya si mgeni wa kazi hii. Idara ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa 1979, na masomo ya ngumbaru yakaenea vijijini. Madarasa hayo yafufuliwe Isiolo, lakini kitabu cha kwanza kiwe fomu ya usajili, kadi ya kliniki na haki za mgonjwa, kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru sawa na Kiswahili. Yafuate watu visimani na kwenye minada ya mifugo. Wahudumu wa afya ya jamii tayari huzuru maboma. Waandamane na mwalimu na msaidizi wa sheria. Vyuo vikuu navyo viwatume wanafunzi wa sheria huko, wajifunze kueleza kifungu bila Kiingereza.

Ni kweli kwamba ngumbaru haileti dawa kwenye rafu wala haitengenezi barabara ya Merti. Lakini anayejua haki yake huuliza dawa zilikokwenda, na asiyeijua hurudi nyumbani kimya. Serikali inayomdai raia shilingi 300 inapaswa kwanza kuhakikisha kwamba anaweza kuisoma risiti.