Mama yuko Kariakoo, mtoto yuko Zegereni

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, lakini kwa familia nyingi siku huanzia barabarani. Saa kumi na moja alfajiri akina mama wameshasimama Visiga au Maili Moja, mkoba begani, wakisubiri gari la Mbezi ili waunganishe hadi Kariakoo au Posta. Ni kama kilomita 40 tu. Kwa mtoto wa miezi minne aliyeachwa na bibi yake kule Zegereni, hizo kilomita 40 ni siku nzima bila ziwa la mama.

Si haki kuiita Kibaha chumba cha kulala cha Dar es Salaam. Jiji lenyewe linainywa: sehemu ya maji yake yanasafishwa Ruvu Juu, Mlandizi. Shirika la Elimu Kibaha lilianza miaka ya 1960 kama mradi wa nchi za Nordiki, Ufini ikiwamo, likakabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970, na Hospitali ya Tumbi ina mizizi hapo. Zegereni nayo ni eneo la viwanda, kikiwamo cha Kairuki kinachotengeneza dripu. Hata hivyo, kiwanja kinapatikana kwa bei ya Kibaha na mshahara unabaki Dar. Barabara ya njia nane kutoka Kimara, kilomita 19.2, imesaidia. Haijamrudisha mama nyumbani mchana.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa kumruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Anayefanya kazi kiwandani Zegereni na kuishi hapohapo anaweza kwenda nyumbani, akanyonyesha na kurudi. Wa Kariakoo hawezi. Kinachomfaa ni kukubaliana na mwajiri kwamba saa hizo zihesabiwe jioni, atoke mapema, na wayaweke kwenye maandishi. Mama anayeuza nguo kwenye meza yake mwenyewe hana wa kumwomba, na hapo sheria haimfikii.

Siku 84 hazifiki hata miezi mitatu, wakati mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama pekee, bila maji wala uji, mpaka atimize miezi sita. Katikati ya tarakimu hizo mbili ndipo uji mwepesi unapoingia. Bibi hana nia mbaya; mtoto analia, mama hayupo, sufuria iko jikoni. Lakini maji na vyombo visivyo safi huleta kuharisha, na kila kikombe cha uji kinachukua nafasi ya maziwa tumboni.

Njia iliyopo ni kukamua. Mama anawe mikono, akamue kwenye chombo safi chenye mfuniko, alfajiri kabla ya kutoka na tena kazini kila baada ya saa tatu hivi. Asipokamua mchana, matiti yanajaa, yanauma, na baada ya muda maziwa yanapungua. Kwenye friji maziwa hukaa hadi siku nne. Nje ya friji yasizidi saa nne, na hiyo ni kwa joto la nyuzi 25. Pwani mchana hupita hapo, basi yatumike mapema zaidi. Yaliyokamuliwa kazini yasafirishwe na barafu. Bibi asiyachemshe. Atumbukize chombo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, kisha amnyweshe mtoto kwa kikombe, maana chuchu ya chupa ni ngumu kuisafisha. Yanayobaki baada ya mtoto kunywa yasiwekwe kwa ajili ya baadaye.

Wengi hushangaa mtoto anapoanza kuamka kila mara usiku baada ya mama kurudi kazini. Anafidia ya mchana. Inachosha, hasa kwa anayeamka saa kumi, lakini kunyonya usiku ndiko kunakosaidia maziwa yasikauke. Baba hawezi kunyonyesha, ila anaweza kuosha vyombo na kupasha maji.

Jambo jingine analoweza baba ni kliniki. Huduma za chanjo mara nyingi hutolewa asubuhi siku za kazi, mama akiwa Mbezi kwenye foleni. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hukumbukwa. Inayosahaulika ni ya miezi 18, dozi ya pili ya surua na rubela, kwa sababu mtoto anatembea na anaonekana mzima. Baba, bibi au shangazi anaweza kumpeleka, mradi abebe kadi ya kliniki, kwa hiyo kadi ikae nyumbani, isisafiri na mkoba wa mama.